Msimu wa Miyombo Myekundu

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka porini na tawi la myombo. Majani machanga, mekundu, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akaja nalo mpaka kitandani kwangu. "Bibi, tazama pori lilivyopendeza! Na vipepeo wamejaa, ungewaona!" Nikamwambia alitoe nje. Akacheka, akadhani ni utani wetu wa kila siku. Nikainuka mwenyewe na magoti yangu haya mabovu, nikalitupa kwa mbuzi, naye akabaki kunikodolea macho kama nimepandwa na pepo. Atajuaje? Kazaliwa katika shibe, Alhamdulillahi, na azidi kushiba.

Si tawi lenyewe lililoniudhi. Watu walikuwa wamechoma mashamba upande ule, basi lilikuja na harufu ya ubichi na moshi pamoja. Harufu hiyo mimi nayo hatupatani. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tukikutana msibani tunazungumza habari za macho na magoti, tunauliziana wajukuu, lakini mwaka ule hakuna anayeutaja. Mimi nimechoka kuunyamazia.

Kwetu kulikuwa upande wa Ruaruke, pale ardhi ya mwinuko inapoteremka kulikuta bonde. Nyuma ya nyumba yetu lilianza pori la miyombo, mbele yalikuwa mashamba ya mpunga, na mbali zaidi mto, ambao sisi watoto tulikatazwa kuusogelea kwa sababu ya mamba. Nyumbani tulikuwa mimi, baba, mama, bibi mzaa baba, na mdogo wangu Athumani, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea na alikuwa anaanguka kila baada ya hatua mbili tatu na kujipigia makofi mwenyewe.

Nilikuwa mtoto wa kupenda rangi. Wenzangu walijua majira kwa kazi za shambani, mimi niliyajua kwa macho. Wakati wa kipupwe asubuhi bonde lilifunikwa na ukungu mweupe, na jua likitoka mpunga unaonekana umeiva, wa manjano, umeinamisha vichwa. Misufi ilipasuka, sufi ikaruka hewani ikatua kwenye nywele zetu. Baadaye pori lilipukutisha majani, likabaki vijiti, kimya. Halafu, bila tone la mvua, miyombo ilichipua majani mekundu. Kwanza mti mmoja huku, mwingine kule, kisha kilima kizima. Wekundu ukageuka rangi ya shaba, ukageuka kijani, na vipepeo wakateremka kutoka porini kuja bondeni, weupe na wa manjano, wengi hata mbwa wetu alichoka kuwabwekea. Ndipo mvua za vuli zilipofika. Na masika yalipokuja bonde lote lilikuwa maji, sisi tukahamia juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu, na nililala kifudifudi nikitazama mawingu yakipita majini chini yangu.

Basi bibi yangu alikuwa ndiye msomaji wa mambo hayo. Wanawake wote wa pale hawakutia mbegu ardhini mpaka wamuulize. Watu husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mbele ya bibi ungesema hivyo angekusonya. "Mawingu ni dalili ya wavivu," alikuwa akisema. "Ukiyaona mawingu umeshachelewa. Mbegu inatakiwa iingie kwenye kavu, ilale, mvua ya kwanza iikute kitandani." Kanuni yake ilikuwa nyepesi: miyombo ya kilimani ikishakuwa myekundu na vipepeo wakishateremka bondeni, panda. Alikuwa hajakosea tangu mama yangu aolewe pale, na mama hakuwa mtu wa kumsifia mkwewe ovyo.

Mwaka ule vita vikaja. Mimi vita sikuviona, niliona tu vinavyoondoka na watu. Baba alijifunga bua la mtama kichwani kama wenzake, akanyunyiziwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, akaelekea milimani Umatumbini. Alimbeba Athumani juu kwa juu akamrudisha chini, akanishika kidevu, akamwambia mama, "Mbegu, Mama Zena. Mengine yote yakipotea, mbegu ibaki." Zena ndiye mimi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyopata kutoka kwake. Alivyokufa, na alikolala, mpaka leo sijui.

Askari wa Mdachi walipofika mpunga ulikuwa umeshavunwa. Wakachoma maghala. Wakachukua kuku, wakachukua mbuzi, wakapekua mpaka majungu. Halafu wakasema wanaume wamejificha porini, wakalitia pori moto. Nataka mlijue pori lile. Ndani yake yalikuwa makaburi ya wazee wetu, hakuna aliyekata kuni mle sembuse kuwasha moto. Tulichoma magugu ya mashamba, ndiyo, kila mwaka, lakini kilima kile hata bibi wa bibi yangu hakuwahi kukiona kikiungua. Kikaungua. Moshi ulikaa juu yetu mpaka macho ya Athumani yakavimba akawa haoni vizuri, na mama akawa anayakamulia maziwa yake.

Mbegu hawakuipata. Mama aliupasua mto wa sufi wa Athumani, akautia mpunga katikati, akaushona. Askari waliingia wakamkuta mtoto amelalia mto, macho yamevimba, analia, wakatoka. Akiba haiozi, alisema mama walipoondoka, akacheka kicheko cha woga. Tangu siku hiyo mdogo wangu akigeuza kichwa unausikia mpunga ukichakacha.

Baada ya moto kilima kilikuwa cheusi tupu. Niliogopa kukitazama. Lakini haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikatoka nje nikakuta pale juu kwenye weusi pameanza kuwa pekundu. Enyi watu! Sijawahi kuona wekundu wa namna ile kabla wala baadaye. Mwaka mwingine wowote majani yale hutoka katikati ya matawi ya kijivu na nyasi kavu, huyaoni vizuri. Mwaka ule nyuma yake ni mkaa. Kilima kizima kiliwaka. Na vipepeo wakaja, si weupe na wa manjano tu, wakaja wa samawati, weusi wenye madoa, wa rangi ya machungwa, wakawa wanatua kwenye majivu na kunyonya pale kama watoto kwenye chombo cha asali. Mimi nilidhani moto umeliogesha pori. Nilidhani limetakata, sasa linavaa. Nikamkimbilia bibi, "Bibi, Idi ni lini? Pori limeshavaa!"

Bibi alikuwa anatwanga makoche, yale matunda magumu ya mikoche, maana ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya kuliwa. Akaacha mchi. Akatazama kilimani kwa muda mrefu, mkono juu ya macho.

"Mapema," alisema.

"Mapema lakini myekundu," alisema mama kutoka mlangoni. Aliposema hivyo nikasikia tumaini kwenye sauti yake, na mama alikuwa hajazungumza kwa sauti ile tangu baba aondoke.

Bibi akarudi kwenye mchi wake. Akasubiri. Siku zile zote alikaa uso kaelekeza kilimani, mpaka asubuhi moja vipepeo weupe wakaanza kuteremka, kwanza wachache, halafu wingu zima, wakapita juu ya paa letu lililounguzwa na cheche kuelekea bondeni. Akasema, "Haya. Mungu ametuonea huruma. Amewahisha."

Wanawake wakaja, kama kawaida yao. Mama Salima, jirani yetu, ambaye alikuwa amebakiwa na mbegu ya kujaza kibuyu kidogo, aliuliza mara mbili. "Bi Mkubwa, una hakika? Mimi hii ndiyo roho yangu." Bibi akamjibu, "Macho yako hayaoni? Nenda ukapande."

Katikati ya habari hiyo akatokea mjomba wangu, kaka yake mama, kutoka Salale, kule mto unakoingia baharini. Alikuwa amepita njia za mikokoni kuwakwepa askari, miguu yake ina matope mpaka mapajani, na mgongoni ana kikapu cha kamba wa kukaushwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulikula siku ile mpaka matumbo yakauma. Halafu akasema shida yake.

"Dada, nimekuja kuwachukua. Salale askari hawafiki sana, mashua zao zinakwama kwenye matope. Kule kuna kaa, kuna kamba, watoto hawafi. Huo mpunga upikeni leo, tule, alfajiri tuondoke."

"Mpunga ni mbegu," alisema mama.

"Dada, mbegu ni kwa mtu aliye hai. Mtazame huyu." Akamnyanyua Athumani, akamwonyesha mama mbavu zake, kana kwamba mama hakuwa akiziogesha kila jioni.

Bibi akaingilia. "Mwanangu, tunakushukuru. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mvua iko mlangoni. Tukiondoka leo, nani atawinga ndege? Nguruwe nani atawafukuza? Baba yake Zena akirudi atakuta nini hapa, nyasi?"

Mama akamtazama kaka yake, akamtazama mkwewe. Namkumbuka alivyokaa, mkono mmoja juu ya ule mto. Nilitaka aseme twende. Nilitaka kuona kaa. Hatimaye akasema, "Baba yake Athumani aliniachia neno moja tu. Akinikuta nimelila, nitamtazama kwa uso gani?"

Mjomba akasikitika, lakini hakugombana. Akasema atarudi mwezi ukiandama, na safari hiyo atakuja na mtumbwi, hatamsikiliza mtu. Hakurudi. Tulikuja kusikia baadaye sana kwamba alikamatwa njiani akabebeshwa mizigo ya askari kwenda bara. Mwezi uliandama, ukakua, ukafa, nasi tunatazama njia.

Tulipanda kesho yake. Mama aliupasua mto, mpunga ukatoka umechanganyika na sufi, upepo ukaichukua ile sufi ikaruka pamoja na vipepeo hata huwezi kujua kipi ni kipi. Athumani alililia mto wake. Mama akamkunjia kaniki, mtoto akaikataa, akaitupa. Bibi alitangulia akitoboa vishimo kwa kijiti, mama akadondoshea mbegu, mimi nikafukia kwa unyayo. Ardhi ilikuwa kavu, ya moto, inachoma. Nilifurahi siku ile. Mbele yangu bonde, nyuma yangu kilima chekundu, juu vipepeo. Nilikuwa naimba. Mama naye alikuwa ananiitikia, Mungu amrehemu, alikuwa anaitikia!

Halafu tukasubiri.

Wekundu wa kilimani ukawa shaba. Shaba ikawa kijani. Vipepeo wakapungua, wakaisha. Mvua haikuja. Yalidondoka manyunyu asubuhi moja, ya kulowesha vumbi tu, na sehemu ya mpunga ikadanganyika ikatoa vijani vidogo kama sindano. Tulivishangilia. Jua lilivichoma vyote, vikawa kama nywele kavu. Sisimizi wakaja wakajipanga, kila mmoja na punje yake, wakawa wanahama na chakula chetu mchana kweupe. Mama alikaa kwenye njia yao akiwanyang'anya punje moja moja, mpaka bibi akaenda kumshika mkono.

Wanielewe wanaosema pori kijani ni baraka. Pori lilikuwa kijani juu yetu, limefunga, lina kivuli cha kulala, na chini yake hakukuwa na kitu cha kutia mdomoni. Miti ile inajua kuchota maji chini kabisa, haituhitaji sisi wala mvua yetu.

Bibi alipanda kilimani. Alinichukua mimi nimshike mkono, maana alikuwa ameshaanza kupepesuka. Tukafika kwenye myombo wa kwanza, akaweka kiganja kwenye gome. Gome lilikuwa jeusi, likamomonyoka, na ndani yake mti ulikuwa unatoa utomvu. Akaenda wa pili, akaenda wa tatu, akapapasa. Kisha akateremka mpaka ukingoni, upande wa mawe ambako moto haukufika. Pale miyombo ilikuwa bado mitupu, vijiti vya kijivu, ndiyo kwanza vichwa vya matawi vinaanza kuwa vyekundu.

Alikaa chini.

"Hii ndiyo ya kweli," alisema. "Hii ndiyo kwanza inaanza. Ile mingine imeungua, Zena. Mti ukiungua unachipua kwa uchungu. Si kwa mvua."

"Imetudanganya, Bibi?"

"Mti haudanganyi. Mimi ndiye sikuuliza umepatwa na nini. Na wale vipepeo walifuata majivu. Majivu yana chumvi." Halafu akasema, "Nilitaka iwe mvua."

Tuliporudi, Mama Salima alikuwa amekaa uani kwetu na kibuyu chake kitupu mapajani. Hakumtukana bibi. Afadhali angemtukana. Alisema tu, "Bi Mkubwa, mimi nilikuuliza mara mbili." Akaondoka, akaacha kibuyu pale. Kuanzia siku hiyo bibi hakutazama tena kilimani. Mtu akimuuliza habari ya majira alikuwa anajibu, "Muulizeni mwenye macho," na alikuwa anaona vizuri kuliko mimi.

Tukaingia kwenye ndiga. Wa rika langu wanaijua, na vijana nawaombea wasiijue. Ni kiazi cha porini, ukikila hivihivi kinaua. Unakikatakata vipande, unavitia kwenye maji yanayokwenda, yanavipiga siku kadhaa mpaka sumu itoke. Maji yanayokwenda, ndiyo kazi yote ilipo. Kijito chetu kilikuwa kimekauka kwa kukosa mvua, kimebaki vidimbwi, na mtoni askari walikuwa wamepiga kambi kivukoni. Mama akaosha ndiga kwenye vidimbwi, akabadilisha maji, akaosha tena, akaonja mwenyewe kwanza, akasubiri, akaona hajafa, akatupa nasi.

Mimi nilitapika nikapona. Athumani alilegea. Hakulia, ndicho kilichotutisha, yule mtoto aliyelilia mto. Alilala mapajani mwa mama anatazama, na akiona kitu kinachopita, nzi au jani, alinyanyua mikono apige makofi, na mikono haikukutana. Hatukujua ni njaa au ni ndiga. Mama alikuwa akiuliza, "Ni njaa, sivyo, Mama? Ni njaa tu?" Na bibi alikuwa anamwitikia, "Ni njaa, mwanangu."

Mawingu yalikuja mchana, yale mawingu ya wavivu, meusi, mazito, kutoka upande wa bahari. Mdogo wangu alikata roho mvua ikiwa inaanza kudondoka kwenye majani ya paa. Nilikuwa nimenyoosha mikono nje ya mlango nakinga maji, nikageuka kumwambia mama kwamba ni mvua kweli safari hii, nikaona alivyomfumba macho.

Wanaume hawakuwapo. Wanawake ndio walichimba. Mama Salima alikuja, na jembe lake. Wakamzika ukingoni mwa shamba letu, maana njia ya makaburini ilikuwa inateleza na hakuna aliyekuwa na nguvu za kupanda. Kaburi lilichimbika upesi. Mwanamke mmoja, kwa kutafuta neno la kumliwaza mama, akasema, "Mungu amemlainishia ardhi." Bibi alisoma Fatiha, akaishia katikati, Mama Salima akaimalizia.

Mvua ile haikukatika. Mnajua mvua ikichelewa inavyokuja kwa hasira. Kila kitu kikaota. Nyasi zikaota juu ya majivu, maua ya zambarau yakafunika njia, miyombo ya upande wa mawe ikawa myekundu hata mvua haikuweza kuizima, na vipepeo wakateremka, wale wa kweli sasa, mchana kutwa wakapita juu ya nyumba yetu isiyo na mbegu hata ya kutia kwenye jino. Bonde lilikuwa zuri kupita miaka yote. Nilikaa mlangoni nalitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililichukia.

Ndipo nilipouona. Nilikwenda ukingoni mwa shamba kumwona Athumani, kwa sababu nilikuwa mtoto na sikuamini kwamba mtu anawekwa chini akabaki hukohuko. Pembeni ya kaburi, palipochimbuliwa udongo wa chini ukaja juu, palikuwa na mpunga. Si nyasi, nilijua kutofautisha. Mashina machache, ya kijani kibichi, yamesimama wima. Mbegu ambazo sisimizi hawakuzifikia na jua halikuzipata, zilikuwa zimelala tu zikisubiri.

Nilikimbia kama wazimu. "Mama! Mama, mpunga umeota! Mama, njoo uone!" Nilikuwa nacheka. Nilidhani nimempelekea dawa.

Mama alikuja. Alitembea taratibu kwenye tope, khanga imemgandama mwilini. Akafika, akachuchumaa mbele ya mashina yale, akayatazama kwa muda. Akanyoosha kidole akagusa jani moja, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala kuona kama ana homa.

"Sasa?" aliuambia mpunga. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa ndiyo unaota? Unamwotea nani?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Nikasogea karibu naye.

"Mimi, Mama," nilisema. "Mimi bado nipo."

Hakugeuka.